Kempsaiti zilivyotukataa kwa sababu ya umri wa gari

Nimekaa na hii habari muda mrefu, sasa naiandika kwa sababu miezi hii nimepigiwa simu na Watanzania watatu na dada mmoja Mkenya, wote manesi wa mikataba hapa Marekani kama mimi, na wote wanataka kununua motahomu ya zamani wawe wanahama nayo kikazi waokoe kodi ya nyumba. Wazo ni zuri, mimi limenisaidia na sijutii. Ila kuna jambo moja hakuna aliyeniambia kabla sijatoa hela, na jambo hilo lilinikalisha nalia kwenye ngazi ya gari getini kwa watu, usiku, nikiwa nimebakiza siku moja kuanza kazi.

Kwa asiyejua, motahomu ni gari lenye nyumba ndani yake, kitanda, jiko, choo, bafu, friji. Letu ni la mwaka 2002, urefu futi 29, chasi ya Ford E-450 yenye injini ile ya V10, aina ambayo kuna kitanda kingine juu ya kichwa cha dereva. Tulilinunua Houston katikati ya 2022 kwa dola 17,500 taslimu, kwa mzee aliyekuwa halitumii tena baada ya kuugua mgongo. Lilikuwa safi ndani, injini haina shida, mume wangu alilala chini yake nusu saa nzima na tochi anakagua kutu. Tukaona tumepata.

Mkataba wangu ulikuwa wiki 13, hospitali ya upande wa mashariki wa Phoenix, Arizona, kuanza Januari 2023. Wenye kazi hizi wanajua, wakala anakupa posho ya nyumba, ukipata pa kukaa kwa bei nafuu kinachobaki ni chako. Apatimenti zenye fanicha za muda mfupi nilizoziona zilikuwa zinaanzia dola 2,400 kwa mwezi, kempsaiti, yaani eneo la kupaki motahomu na kukaa humo, yenye umeme, maji na bomba la maji machafu nikaipata kwa 850. Hesabu ilikuwa rahisi kabisa, nikaona nikitoka hapo nimemaliza kile chumba cha tatu cha nyumba ya mama kule Tanga.

Kosa letu la kwanza lilifanyika mezani nyumbani, tena dakika tano tu. Nilikuwa natoka kazini asubuhi nimechoka, mume wangu akawa anajaza fomu ya kempsaiti onlaini, ananiuliza namjibu huku nimefumba macho. Pale penye mwaka wa gari akaandika 2022. Alikuwa hadanganyi, alielewa wanauliza mwaka tuliolinunua, na mimi sikuangalia. Tukalipa depositi dola 300, tukatiki kile kiboksi cha kukubali masharti, masharti yenyewe kurasa nne, hakuna aliyesoma. Ndani ya hizo kurasa kulikuwa na sentensi moja inasema gari lisizidi miaka 10 na meneja ana haki ya kukataa gari lolote akishaliona kwa macho.

Safari ya Houston mpaka Phoenix ni barabara moja, I-10, karibu maili 1,180, na zaidi ya nusu yake bado uko Texas tu, unaendesha unaendesha hujatoka Texas. Tulienda siku tatu. Gari linakula galoni moja kwa maili nane hivi, mafuta yakatumaliza karibu dola 480. Baada ya mji wa Van Horn, magharibi mwa Texas, upepo ulikuwa unatusukuma pembeni, mume wangu kashika usukani kwa mikono miwili haongei, mimi nasoma dua moyoni. Naeleza hivi mjue tulifika katika hali gani.

Tukafika Jumamosi saa moja usiku. Geti zuri, mitende imefungwa taa, ndani magari makubwa yanang'aa kama mabasi mapya. Akatoka mama mmoja wa ofisini, mtu mzima, mpole, ana karatasi yetu mkononi na tochi. Akatusalimia vizuri. Halafu akaanza kulizunguka gari polepole. Tochi ikapita kwenye ile mistari ya rangi ya ubavuni, stika za kiwandani ambazo jua la Texas lilikuwa limezipasua zikawa kama udongo uliokauka, akaweka kidole juu yake kipande kikadondoka. Akamulika taa za mbele, zimekuwa njano. Akamulika kule juu kwenye kona ya paa ambako gundi ya kuzibia maji imekuwa nyeusi. Akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, ngo ngo ngo, sehemu tatu. Wakati ule sikujua anasikiliza nini, sasa najua: ukuta ulioingia maji unavimba kwa ndani na mlio wake unabadilika. Mwisho akafungua mlango wa dereva akasoma bamba la kiwanda, akatizama karatasi yetu, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, hili gari ni la mwaka gani.

Nikamwambia 2002. Akasema samahani sana, na akaonyesha kwenye karatasi palipoandikwa 2022.

Nilimuomba. Nilimwambia mimi ni nesi, Jumatatu naanza kazi, tumeendesha siku tatu, hata usiku mmoja tu. Akasema yeye ni mwajiriwa, mwenye mali hataki, na kwa kuwa fomu imeandikwa mwaka usio sahihi depositi hairudi. Ile 300 ikaenda. Mume wangu hakusema neno, aliingia ndani ya gari akakaa na mikono juu ya usukani injini imezimwa, na mimi nikakaa ngazini. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kuonekana kama tumedanganya. Mimi mama yangu kanilea neno letu liwe neno, na pale sikuwa na namna ya kumthibitishia yule mama kwamba ni kosa la kujaza fomu.

Usiku ule tulilala kwenye maegesho ya duka kubwa lililo wazi usiku, tuliingia ndani kwanza tukaomba ruhusa kwa meneja wa zamu, akasema sawa ila asubuhi muondoke. Hili lishikeni: maduka mengi yanaruhusu kulala usiku mmoja lakini anayeamua ni meneja wa pale pale, na miji mingine imekataza kwa sheria zake, hivyo ingia uulize usijipakie tu.

Jumapili nikapiga simu 11. Nilikuwa na daftari la zamu, nikaandika kila jibu. Saba walisema miaka 10. Wawili walisema miaka 15. Mmoja hakujali mwaka lakini alikuwa amejaa mpaka Aprili. Mmoja hakuniuliza hata umri wa gari, aliuliza umri wangu, na hapo ndio nikajua kwamba upande ule wa miji ya Mesa na Apache Junction kempsaiti nyingi ni za watu wa miaka 55 kwenda juu, sheria ya Marekani inawaruhusu ili mradi angalau asilimia 80 ya makazi yake yawe na mtu mmoja aliyefikisha 55. Mimi nilikuwa na 38.

Hapa nieleze hii sheria ya miaka 10 ni kitu gani, manake watu wanadhani ni sheria ya serikali. Sio. Hakuna sheria ya nchi wala ya jimbo inayosema motahomu ikizidi miaka 10 isipaki. Ni kanuni ya mwenye eneo binafsi, kila mmoja anajiwekea, na ndio maana unaweza kukataliwa kona hii ukapokelewa mita mia tano mbele. Nilikuja kuongea na mwenye kempsaiti mmoja baadaye, tukiwa tumeshazoeana, akanieleza kwa nini wanaweka. Gari bovu linavuja maji ya choo ardhini na yeye ndiye anayetozwa faini. Mtu anakuja na gari lililochoka, linamfia pale pale, analiacha na kupotea, na kulivuta mpaka dampo ni maelfu ya dola kutoka mfukoni mwake. Waya za zamani na gesi inayovuja, moto ukiwaka magari yamepakana hatua chache. Na la mwisho hakulificha: mteja aliyenunua gari la dola laki kadhaa hataki kuamka aone chakavu dirishani kwake. Halafu wakati wa korona watu wengi sana walinunua haya magari, mwaka 2021 viwanda vilisafirisha zaidi ya laki 6, haijawahi kutokea, nafasi zikawa chache na wenye kempsaiti wakawa na uwezo wa kuchagua. Na Arizona Januari mpaka Machi ndio kabisa, wazee wa majimbo ya kaskazini na Kanada wanakimbilia huko kukwepa theluji, kila kitu kimejaa.

Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tusilione geni. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii nchini, na kwetu Tanzania tunalipa ushuru wa uchakavu, kila aliyeagiza gari Japani anaujua. Wanaangalia mwaka kwa sababu mwaka ni rahisi kuusoma kuliko kukagua gari. Uzuri wa hizi kempsaiti ni kwamba baadhi ukiwapa kitu kingine cha kusoma wanakisoma, nitafika hapo.

Niseme na hili ambalo wengi mtakuwa mnajiuliza. Ndio, nilijiuliza kama tatizo ni gari au ni sisi. Watu weusi wawili, lafudhi, usiku, mahali ambapo sikuona mwingine wa rangi yetu. Nilibaki na hilo swali kifuani siku kadhaa na lilinichosha kuliko zamu. Sheria za Marekani zinakataza kumbagua mtu kwa rangi, dini au alikotoka, umri wa gari haumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo mtu mbaya anaweza kabisa kujificha nyuma ya kanuni ya gari. Kilichonituliza ni kukutana wiki ile ile na wazee wawili Wamarekani weupe, mke na mume, wana gari la 1994, nao walikuwa wamekataliwa sehemu nne. Wao waliamua kwenda zao Quartzsite, karibu na mpaka wa California, kuna maeneo ya jangwa ya serikali panaitwa La Posa, kuanzia Septemba 15 mpaka Aprili 15 unalipa ada ndogo ukilinganisha unakaa msimu mzima na hakuna anayeuliza mwaka wa gari. Kwangu palikuwa mbali na hospitali, zaidi ya saa mbili. Lakini yule mama mzee ndiye aliyeniokoa, alinishika mkono akaniambia binti yangu, acha kupiga simu kwa watu binafsi, anza na serikali.

Na ni kweli. Kempsaiti za hifadhi za taifa, za misitu ya taifa, za jimbo, za kaunti, na zile za kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani ambazo ziko kando ya mabwawa, hazina habari na umri wa gari. Wanachoangalia ni urefu, na hapo muwe makini, nyingi hasa za hifadhi za taifa zilijengwa zamani kwa magari mafupi, futi 29 ni nyingi sehemu nyingine. Kingine ni muda, kawaida siku 14 halafu uondoke. Tulipata Usery Mountain ambayo ni ya kaunti, nafasi iliyoachwa na mtu aliyeghairi, umeme na maji yapo, dola thelathini na ushee kwa usiku. Baadaye tukahamia Lost Dutchman, ya jimbo, chini kabisa ya ile milima ya Superstition, asubuhi natoka zamu ya usiku nakuta anga nyuma ya mlima imewaka rangi ya machungwa, nilikuwa nakaa nje na chai mpaka jua lipande ndio nalala.

Lakini msidhani ilikuwa mteremko. Nafasi hizo miezi ile zinabukiwa mapema mno, nilikuwa naamka saa ya mapumziko kazini nafungua simu naangalia kama kuna aliyeghairi, usiku mmoja hapa, tatu pale. Siku ya kuhama unafungasha kila kitu, unamwaga tenki la choo na la maji ya vyombo, unakunja mabomba, unaendesha, unapanga upya, na jioni unaingia zamu ya masaa 12 hujalala. Nilifanya hivyo mara nne ndani ya wiki tano. Na kwa usiku, ukizidisha mwezi mzima, ile elfu moja unaigusa, hesabu yangu ya 850 ikawa imekufa.

Ndipo tukaamua kulishughulikia gari. Mume wangu alikuwa hajapata kazi bado, akalifanya kazi yake. Alizibandua zile stika zote kwa kikausha nywele changu na kisu cha plastiki, siku mbili, akafuta gundi, gari likabaki jeupe tupu na hilo tu lilipunguza miaka kumi machoni. Akapanda paani akakwangua gundi ya zamani pembeni ya matundu ya hewa na kiyoyozi akapaka mpya ya kujitandaza, akapiga na utepe wa kuzibia maji kwenye maungio. Taa za mbele zikasuguliwa. Turubai la kivuli likabadilishwa kitambaa. Matairi sita nayo, kwa sababu nilisoma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili ni mwaka, yetu yalisema 3514, yaani wiki ya 35 ya 2014, yana kashata bado lakini mpira umeshapasuka mistari midogo. Tulikuwa tumevuka jangwa nayo. Matairi peke yake dola 1,260, vyote pamoja karibu 1,700.

Halafu nikapiga picha. Asubuhi mapema, gari limeoshwa, pande zote nne, paa, matairi, jiko, kitanda kimetandikwa, na ile stika ndogo ya RVIA, chama cha watengenezaji wa haya magari, karibu na mlango ambayo inaonyesha mtengenezaji anathibitisha gari lilijengwa kwa kufuata viwango vya usalama vya magari haya, kuna kempsaiti zinaitaka. Nikapiga na bima. Nikaandika ujumbe mfupi, sentensi ya kwanza kabisa: gari letu ni la mwaka 2002. Kisha kazi yangu, tarehe za mkataba, paa limezibwa lini, matairi ya lini, hatuna mbwa, na kwamba niko tayari waje walione kabla ya kupokea hela yangu.

Nilituma sehemu sita. Tatu hawakujibu. Mbili walikataa. Mmoja, kempsaiti ndogo ya familia Apache Junction, yenye kanuni ya miaka 10 imeandikwa kabisa, akajibu jioni ile ile: gari mmelitunza, njooni. Dola 720 kwa mwezi na umeme unalipa kwa mita. Huyo ndiye niliyesema tulizoeana. Aliniambia yeye ana sehemu kwenye kanuni yake inayoruhusu gari la zamani kwa idhini ya meneja, na kwamba watu wengi wanaona tu ile namba 10 wanakata tamaa, wengine wanadanganya mwaka, na anayedanganya hampokei hata gari lake liwe zuri namna gani.

Sasa kwa mnaonipigia simu, mpangilio wangu ungekuwa hivi. Kabla hujanunua gari, chukua mji unaokwenda, piga simu sehemu kumi, uliza mwaka, uliza urefu, uliza umri wa mkaaji, uliza kama kuna idhini ya meneja kwa picha. Ukishajua pa kulaza ndio utafute gari la kulaza. Sisi tulifanya kinyume. Ukiongea nao kwa simu omba wakuthibitishie kwa meseji au imeili, manake anayepokea simu mchana sio anayekuwepo getini usiku. Soma masharti ya depositi. Na angalia kadi yako ya umiliki imeandika mwaka gani, kwa sababu haya magari chasi inaweza kuwa ya mwaka mmoja na nyumba imejengwa juu yake mwaka unaofuata, mkaanza kubishana getini kwa kitu kidogo.

Na fika mchana. Tungefika saa nane mchana ningekuwa na muda wa kupiga simu nyingine, ofisi ziko wazi. Usiku huna pa kushika.

Hela ya chumba cha mama ilipatikana, sio yote, bati tulipiga mwezi wa tisa badala ya wa tano. Yule mama wa tochi nilimwandikia baadaye nikamweleza fomu ilijazwaje na nikamwomba radhi. Depositi hakurudisha, hakuwa na mamlaka hayo, lakini alijibu kwamba alituamini tangu usiku ule na kwamba aliporudi ofisini hakulala vizuri. Ujumbe wake bado ninao.

Mkataba unaofuata ni New Mexico. Nimeshapiga simu sehemu nane, wawili wamekubali kuangalia picha, na jana mume wangu kapanda paani tena, kuna maungio moja ya mbele imeanza kufunguka, nasubiri gundi ikauke nipige picha upya.